Na Baiskeli Itaingia Wapi?

Leo naomba ruhusa yako nianzie nyumbani kwangu, kwa jambo linaloonekana dogo, halafu tutembee pamoja hadi kwenye historia ya mkoa wetu huu wa Mwanza. Jambo lenyewe ni kununua gari.

Mimi nina umri wa miaka 46, na mshahara wa mtangazaji wewe mwenyewe unaukisia. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumiliki gari. Baada ya kuweka akiba kidogo kidogo katika chama chetu cha kuweka na kukopa, mama watoto na mimi tuliona kwamba wakati umewadia. Si kwa ajili ya fahari, la hasha. Binti yetu yuko kidato cha pili. Tunakaa Buswelu, shule yake iko upande wa Nyakato, naye huenda kwa baiskeli. Mwaka jana, asubuhi moja kabla hapajapambazuka sawasawa, pikipiki ilimgonga kwa nyuma. Mwenyezi Mungu alimnusuru. Aliumia kiwiko na goti, na rimu ya nyuma ya baiskeli ikapinda ikawa kama yai. Tangu siku hiyo mama yake hakupata tena usingizi wa alfajiri.

Basi tukakubaliana hivi: asubuhi, kukiwa bado giza na malori yakikimbizana, nitampeleka mimi kwa gari nikiwa njiani kwenda kazini, yeye pamoja na baiskeli yake. Mchana, jua likiwa juu na mimi nikiwa studio, atarudi nyumbani mwenyewe akiendesha. Mpango huo ulikuwa mzuri na ulihitaji gari moja tu, tena la bei ya watu wa kawaida.

Lakini binadamu ni kiumbe wa macho. Siku ya kwanza nilipokwenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika, dalali alinipokea kwa heshima nisiyoizoea. "Karibu, bosi wangu," akasema, akanipeleka moja kwa moja hadi kwenye saluni nyeupe, ndefu, inayong'aa. "Hili ukipita nalo Makoroboi, lazima watu wageuke." Nikakaa kwenye usukani. Nikawasha redio yake, maana ndiyo kazi yangu. Nikajiona nimefika. Jioni nilimsimulia mama watoto kila kitu: viti vyake, taa zake, rangi yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchambua mchele wake, kisha akauliza swali moja: "Na baiskeli itaingia wapi?"

Sikuwa na jibu. Naye akaongeza: "Ya mtoto, na ya mzee."

Hapo, msikilizaji, ndipo historia inapoanza. Kwa maana baiskeli ya mzee, yaani ya baba yangu aliyeko Magu, ina umri mkubwa kuliko mimi, na mwaka huu fremu yake ilipata ufa karibu na tandiko. Fundi wa kijijini aliyekuwa akiihudumia amekwishafariki. Ilibidi iletwe mjini kwa mchomeleaji anayejua chuma cha zamani. Na mzee mwenye umri wa miaka 83, asiye na baiskeli yake, ni mzee aliyekatwa miguu. Kanisani haendi, sokoni haendi, kwa wazee wenzake haendi. Hupiga simu kila Jumapili na kuuliza habari za watoto, kisha, kana kwamba ni jambo la kupita tu, huuliza habari za fundi.

Nilipolala usiku ule nilijiuliza: je, hili swali la mama watoto ni geni katika nchi yetu ya Ziwa? Nikaona kwamba si geni hata kidogo. Kila chombo kilichokuja huku tangu enzi za babu zetu kimelazimika kulijibu.

Tuanze na reli. Mji wa Mwanza ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1892, lakini kwa miaka mingi bidhaa zake ziliingia na kutoka kwa meli kupitia Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilifika mwaka 1901. Ni mwaka 1928 ndipo reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Treni ilichukua pamba, na ilileta nguo, mabati, cherehani na baiskeli.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka sana katika Jimbo la Ziwa. Wakulima walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na juhudi hizo vikazaliwa vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa marehemu Paul Bomani, yule ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Umoja huo, wenye viwanda vyake vya kuchambulia pamba, ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima wa Kiafrika katika bara zima.

Sasa, mkulima aliyelipwa fedha yake ya pamba alifanya nini? Wengi walinunua ng'ombe, kwani ng'ombe ndiye benki ya Msukuma. Wengine waliezeka mabati. Lakini kijana aliyetaka kuonekana ameanza maisha alinunua baiskeli, na baiskeli yenyewe ilikuwa Raleigh, iliyotengenezwa katika mji wa Nottingham, Uingereza. Baba yangu aliinunua ya kwake mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, katika duka moja hapa mjini Mwanza. Hakuipakia popote. Aliiendesha hadi Magu, mwendo wa kilomita 60 hivi katika barabara ya vumbi, na hadi leo anasimulia kwamba alishuka mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa kuifuta vumbi.

Baiskeli hiyo haikuwa mchezo wa mtoto. Ilibeba magunia ya pamba hadi kituo cha kununulia. Ilibeba mahindi kwenda mashineni. Ilibeba dagaa kutoka mwaloni. Ilimbeba mama yangu kwenda hospitali ya misheni siku alipokuwa na uchungu wa kunizaa mimi, naye akakaa upande upande kwenye keria akiwa amefunikwa kitenge, baba akiisukuma kwenye vilima na kuipanda kwenye tambarare. Kwa hiyo ninaposema kwamba baiskeli hiyo ni ndugu yangu mkubwa, sifanyi mzaha.

Lakini hata baiskeli hodari haiwezi kwenda kila mahali kwa miguu yake. Safari ndefu zilipotokea, ilibidi ibebwe. Nami nikiwa mtoto, miaka ya mwisho ya themanini, nililiona jambo hilo kwa macho yangu pale stendi ya Magu. Basi lilipofika, utingo alipanda ngazi ya nyuma kama nyani, akapokea baiskeli juu ya keria, akazilaza moja juu ya nyingine kati ya matenga ya kuku na magunia ya mihogo. Baba alikuwa na desturi ya kuvua shati la kazi na kulifunga kwenye fremu ili isikwaruzwe. Kisha mabishano yalianza. Nauli ya mtu ilijulikana, lakini nauli ya baiskeli ilikuwa ya kupatana, na baba aliweza kulichelewesha basi zima kwa ajili ya shilingi chache. "Baiskeli haikai kwenye kiti," alikuwa akisema, "kwa nini ilipe kama mtu?"

Ziwani hali ilikuwa hiyo hiyo. Abiria wa kwenda Nansio, Ukerewe, walipanda melini na baiskeli zao mabegani. Pale Kigongo na Busisi, kivuko kilipotia nanga, baiskeli ndizo zilizotangulia kushuka kabla ya malori, na zilikuwa na nauli yake katika orodha kama kiumbe mwingine yeyote. Leo kivuko hicho kimepisha daraja kubwa la kilomita 3, lililofunguliwa mwezi Juni 2025 na kupewa jina la hayati John Magufuli. Baiskeli sasa hulipita ghuba hilo bila kumsubiri mtu.

Unaona basi, msikilizaji, kwamba treni, basi, meli na kivuko vyote vilikuwa na mahali pa baiskeli. Aliyeviendesha alijua kwamba abiria wa huku akishuka, safari yake bado haijaisha. Kutoka kituoni hadi nyumbani bado kuna kilomita tano, kumi, ishirini. Chombo kikubwa kilikupeleka hadi barabarani. Baiskeli ndiyo iliyokufikisha mlangoni.

Kisha zikaja nyakati ngumu. Chama kikuu kile cha wakulima kiligeuzwa mwaka 1968 kuwa Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na havikurudishwa hadi mwaka 1984. Katikati hapo ulipanda bei ya mafuta, ikavunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na ikatokea vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu. Wazee wetu wanakumbuka jinsi magari binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa petroli. Mwenye gari aliliegesha, mwenye baiskeli akaendelea na safari zake. Lakini hata yeye alipata taabu, kwa sababu tairi na mipira ya ndani ilikuwa haionekani madukani. Kiwanda chetu cha Dar es Salaam kilitengeneza baiskeli za Swala, lakini mahitaji yalikuwa mengi kuliko uwezo wake. Baba alishona tairi kwa uzi wa katani, akaweka kipande cha tairi jingine kwa ndani, na Raleigh ikaendelea kutembea huku ikidunda kama mtu mwenye kibiongo.

Mwaka 1984, katika bajeti ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, Serikali ililegeza masharti. Mtu aliyekuwa na fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Zikaingia Phoenix za Wachina na baiskeli za Kihindi, na zikaingia pia pikapu. Miaka ya tisini ikafungua mlango zaidi, na mafuriko ya magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza.

Kwa nini Japani? Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: wao kama sisi huendesha upande wa kushoto, na usukani wa magari yao uko kulia. Sababu ya pili ni sheria yao ya ukaguzi. Gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi na matengenezo humfanya Mjapani aone heri alitoe gari lake mapema. Kwake limezeeka; kwetu bado ni kijana. Majirani zetu wameweka mipaka: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imezuia yaliyozidi miaka 15. Kwetu Tanzania lango limeachwa wazi zaidi, lakini kadiri gari linavyozeeka ndivyo kodi yake inavyokuwa nzito.

Basi, baada ya swali la mama watoto, nilirudi kwenye yadi nikiwa na kitu kimoja ambacho dalali hakukitarajia: futi ya kamba ya fundi nguo. Mama watoto alikuja pia, na yeye ndiye aliyeishika.

Usiku uliotangulia tulikuwa tumepima baiskeli. Ile ya mzee, kama baiskeli zote kubwa za magurudumu ya inchi 28, ni ndefu: sentimita 186 kutoka tairi hadi tairi, kwa kipimo alichokuwa amenipigia mdogo wangu kutoka Magu. Lakini ukilitoa gurudumu la mbele, inabaki na sentimita 151 tu. Ya binti yetu ni fupi zaidi. Kwa hiyo tulijua tunachokitafuta: nafasi ya mita moja na nusu au zaidi nyuma ya viti vya mbele, sakafu iliyo sawa, na mlango mpana wa kupitishia usukani wa baiskeli.

Saluni nyeupe ilishindwa mtihani papo hapo. Buti lake lilikuwa pana, ndiyo, lakini ni chumba kilichofungwa, na mdomo wake ni mwembamba. Tukageukia magari yale ambayo vijana huyaita hachibeki, yaani gari lisilo na buti la kujitenga, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo, na viti vya nyuma vikilazwa unapata chumba kimoja. Wazo hilo si jipya. Wafaransa walilitia katika gari la watu wa kawaida, Renault 4, mwaka 1961, na hata mkulima wa kwao aliweza kupakia ndani mazao yake. Wajapani nao wakalichukua, na Toyota Starlet ya mwaka 1978 na zile zilizoifuata zikalileta hadi kwetu.

Starlet yenyewe sasa imekuwa bibi. Ya mwisho ilitengenezwa mwaka 1999. Iliyoirithi, Vitz, ni gari jema na halili mafuta mengi, lakini ni fupi. Baiskeli ya mtoto huingia kwa kukunjwakunjwa, ya mzee haiingii. IST ina mwili mzuri zaidi, lakini futi ya mama watoto ilikataa pale viti vilipolazwa na sakafu ikabaki na kilima. Honda Fit ilinishangaza. Tangi lake la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma hulala chini kabisa, na pia kikalio chake huweza kuinuliwa kwenda juu ili kitu kirefu kisimame wima. Baiskeli iliyotolewa gurudumu la mbele husimama humo kama abiria. Tatizo langu na Fit lilikuwa moja: fundi wangu wa mtaani aliniambia kwa uaminifu kwamba yeye ni mtu wa Toyota, na spea anazozijua ni za Toyota.

Mwishoni kabisa mwa yadi, limeegeshwa karibu na ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, palikuwa na Probox ya rangi ya fedha. Unaijua. Ndiyo ile inayoitwa mchomoko, inayobeba abiria huku Kanda ya Ziwa kutoka kituo hadi kituo, watu wakibanana hadi madirisha yanatoa jasho. Toyota waliitoa mwaka 2002, na kule Japani ilikuwa gari la kazi: la wauzaji, la mafundi, la watu wa makampuni. Ile ya mizigo iliandikiwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Haina urembo. Nyuma yake ni sanduku. Lakini mama watoto alilaza kiti cha nyuma, akavuta futi yake, akasoma: sentimita 180. Sakafu ni tambarare kama meza. Akanitazama bila kusema neno.

Dalali akacheka. "Mama, hili ni gari la abiria. Bosi mtangazaji atalipandaje?" Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lile lililokuwa likitembezwa kwangu kila siku ni saluni.

Hata hivyo, msikilizaji, sikutaka kuponzwa na futi peke yake. Gari lililotumika ni kama mchumba aliyewahi kuolewa: uliza historia. Niliomba karatasi ya mnada ya Japani na kuilinganisha na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, kwa sababu namba hizo huweza kurudishwa nyuma. Fundi wangu aliinua zulia la nyuma akatafuta kutu na dalili za maji, akakagua kama chesesi imewahi kunyooshwa, akapima shokapu za nyuma ambazo ndizo zinazobeba mzigo. Alifungua na kufunga mlango wa nyuma mara nyingi, kwani vile vyuma viwili vinavyouinua vikichoka, mlango humwangukia kichwani mtu aliyeinama kupakia baiskeli. Aliangalia viti na bawaba za milango kuona kama gari limewahi kufanya kazi ya mchomoko. Halikuwa limefanya. Ndipo tukazungumza bei.

Nami nina maneno matatu kwa kila mzazi anayefikiria kufanya kama nilivyofanya. La kwanza: usiendeshe gari huku mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa sababu baiskeli imetokeza. Nimeyaona hayo mara nyingi katika barabara ya Musoma, mlango umefungwa kwa kamba ya katani na watoto wamekaa ndani. Moshi wa injini huvutwa ukaingia ndani ya gari, na hewa ya sumu iliyomo haina harufu wala rangi. Mtoto husinzia, ukadhani amechoka.

La pili: baiskeli iliyoko ndani ifungwe. Ile ya mzee inakaribia kilo 20. Ukifunga breki ghafula, chuma hicho hakitangojea. Kitakuja mbele kukutafuta. Na ikiwa utaifunga nyuma kwa nje, hakikisha haizibi taa wala namba ya gari.

La tatu: keria ya juu ina kikomo chake, na magari mengi madogo hayakuundwa kubeba zaidi ya kilo hamsini au sabini na tano juu ya paa. Baiskeli mbili sawa. Baiskeli mbili, gunia la mpunga na tenga la kuku, hapana. Sisi watu wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa na mgeni maana ya chombo kuzidiwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia kufika bandarini kwetu, imejaa kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari. Tangu hapo, mtu akiniambia "ongeza tu, itabeba," mwili hunisisimka.

Basi tukalinunua. Majirani walitutania juma zima. Mmoja aliniuliza nauli ya kwenda Igoma ni kiasi gani. Lakini Jumatatu saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, binti yangu alikaa kando yangu, baiskeli yake imelala nyuma ikiwa imefungwa kwa mpira, na malori yakatupita yakinguruma. Alishuka getini, akaishusha mwenyewe, akaiingiza shuleni. Saa tisa na nusu mchana nikiwa studio nilipata ujumbe wa maneno mawili kutoka kwa mama yake: "Amefika salama."

Jumamosi tulikwenda Magu, familia nzima. Tulipita Kisesa, watoto wakaomba juisi, tukafika kabla ya saa sita. Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari. Alisimama kwa fimbo yake, akalizunguka polepole kama mtu anayekagua fahali mnadani. Hakuangalia taa, hakuangalia rangi. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akaniashiria nifungue. Nikafungua. Akaingiza mkono, akapapasa sakafu.

Niliitoa spana, nikalegeza nati za gurudumu la mbele huku akinielekeza kana kwamba sijawahi kuishika Raleigh ile maishani mwangu. Tulikuwa sita tumekuja, na kiti cha nyuma kilihitajika, kwa hiyo tukaifunga juu ya keria, gurudumu likawekwa ndani miguuni mwa watoto. Mzee akaingia nyumbani, akatoka na shati kuukuu, akalifunga kwenye fremu kwa mikono yake mwenyewe, pale pale alipokuwa akilifunga miaka ya themanini.

Kisha akanigeukia, uso mkavu kabisa, akaniuliza: "Na hii nauli yake, mwanangu, ni ya kupatana?"

Wiki mbili baadaye fundi alimaliza kuichomelea, na Raleigh ikarudi Magu juu ya keria ile ile. Jumapili iliyofuata mzee hakupiga simu. Nilipompigia mimi jioni, mdogo wangu alisema hayupo, amekwenda kanisani, na kutoka kanisani amepitia kwa rafiki yake wa ng'ambo ya mto.

Msikilizaji, tunaingia katika enzi ya magari, na hilo halina ubaya. Lakini wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Unapokwenda yadi, nenda na futi, nenda na fundi, na ikiwezekana nenda na mama watoto. Na kabla hujauliza gari linakimbiaje, uliza kwanza nyumbani kwako kuna nani anayetembea kwa baiskeli, na je, atapata nafasi?

Hadi juma lijalo panapo majaaliwa, nakutakia safari njema.